Kikohozi Kimoja ni Nyekundu

Ilikuwa Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, mvua ya manyunyu ikinyesha, na mimi nilikuwa na mafua.

Mafua hayo ndiyo yaliyoniharibia maisha. Kwa hiyo naomba yasichukuliwe kama jambo dogo.

Kwa msomaji ambaye wiki zilizopita hakuwa nami: mimi ni mwalimu wa historia niliyeachishwa kazi shuleni, nikaajiriwa na kampuni kubwa ya rangi ya kuta ili niandike historia yake kwa ajili ya jubilei. Kampuni hiyo ilianzishwa na mzee mmoja kwa ndoo moja. Leo ina viwanda katika nchi ambazo wenyewe hawawezi kuzitamka vizuri. Mzee huyo angali hai. Wafanyakazi humwita Mzee Ndoo, naye halikatai jina hilo.

Katika kazi hiyo nilimpenda mjukuu wake, mkuu wa maabara, ambaye kila mtu humwita Mkemia. Naye akanipenda. Baba yake, Mkurugenzi Mkuu, akanikubali haraka mno. Wiki iliyopita niligundua sababu.

Katika ukoo ule hakuna mwanamume anayeweza kutofautisha nyekundu na kijani. Mzee Ndoo hawezi. Wanawe wawili hawawezi. Kwao nyanya mbichi na nyanya mbivu ni mapacha.

Sasa, mwenye kampuni ya rangi hawezi kutangaza jambo kama hilo. Kwa hiyo kila mkubwa wa ukoo hutafutiwa mtu wa kumwonea rangi. Mtu huyo huitwa Jicho. Na ili siri isitoke nje ya nyumba, Jicho huozwa binti.

Mimi nilidhani nimependwa. Kumbe nimeajiriwa.

*

“Umekunywa dawa?” Mkemia aliniuliza kwenye ujia, nje ya chumba cha mikutano. Alikuwa amevaa koti lake la maabara na kukumbatia sanduku la vifuniko vya makopo vilivyopakwa sampuli za rangi.

“Nimekunywa.”

“Imesaidia?”

Nilikohoa.

“Mungu wangu,” akasema. “Umeshasema nyekundu, na hata hujaingia ndani.”

Kanuni ni rahisi. Jicho hukaa nyuma ya mkubwa wake. Mkubwa akigusa kitu, Jicho akakohoa mara moja, kitu hicho ni chekundu. Jicho akigonga kalamu mezani, ni kijani. Basi. Ukoo mzima umeishi kwa kanuni hiyo, na ukatajirika.

“Ulimwomba Baba abadilishe?” Mkemia akauliza. “Kikohozi kiwe kijani, leo tu?”

“Nilimwomba. Alisema kanuni iliwekwa na marehemu bibi yako, na haiwezi kupinduliwa kwa ajili ya pua yangu.”

“Basi jikaze. Leo ikipita salama, mchana anatangaza tarehe ya harusi.”

“Isipopita?”

“Atatafuta Jicho jingine. Na mimi nitapelekwa kwa huyo, kama kifuniko kwa kopo.”

Nilimshika mkono. Ulikuwa na harufu ya tapentaini, harufu ambayo siku hizi hunitoa machozi, kwa mapenzi na kwa kemikali pia.

“Lakini wewe unaona rangi zote,” nikasema. “Ndiye unayezitengeneza. Kwa nini wasikuulize wewe?”

“Baba anasema si heshima baba kukoholewa na mwanawe.”

“Na wewe unasemaje?”

“Mimi sijaulizwa,” akasema, akausukuma mlango kwa bega.

*

Shauri la siku hiyo lilikuwa moja: kuchagua rangi ya jubilei, itakayotengenezwa katika viwanda vyote. Mkurugenzi Mkuu, baba mkwe wangu mtarajiwa, alitaka kijani. Mdogo wake, anayesimamia matawi ya ng’ambo, alitaka nyekundu. Waligombana kwa miezi, kila mmoja akiitetea rangi ambayo hajawahi kuiona.

Ukutani kulikuwa na vibao viwili. Kimoja kilipakwa kijani, kingine nyekundu. Kila ndugu alitakiwa kwenda kusimama kando ya chaguo lake, kisha wakuu wa matawi wapige kura.

Nyuma ya Baba Mdogo alikaa Jicho lake, mume wa binti yake. Kwa kuwa sote tulikuwa tumeelekea nyumba moja, yeye kwa kuoa na mimi kwa kuposa, alishaanza kuniita mwanyumba. Alikuwa mkongwe wa kazi hiyo. Kikohozi chake kilikuwa safi, kifupi, kama mlango wa gari la kifahari.

Aliniinamia. “Mwanyumba, unavuja.”

“Ni mafua tu.”

“Mafua tu! Mimi mwaka jana nilivunjika mbavu, na sikukohoa mpaka nilipoona nyekundu. Hii ni kazi, si zahanati.”

Mzee Ndoo alikuwa kwenye kiti chake mwisho wa meza, macho yamefumbwa, mikono juu ya fimbo. Mkemia aliweka sanduku la vifuniko mbele yake, akasimama ukutani.

Baba mkwe akainuka. Akaenda kwenye kibao cha kwanza, cha kijani, akakigusa kwa kidole kama mtu anayepima joto la pasi.

Nikainua kalamu.

Kifua changu kikapanda. Nikabana pumzi. Nikabana midomo. Nikabana hata magoti. Haikusaidia kitu. Nilikohoa kikohozi kimoja, kizima, chenye mwangwi.

Baba mkwe akaitikia kwa kichwa na kukiacha kibao. Hakusubiri ishara nyingine. Kama cha kwanza ni chekundu, cha pili ni kijani. Hata mimi nisingeweza kuipinga hesabu hiyo. Akaenda kusimama kando ya kibao chekundu na kukiwekea mkono begani, kama kingekuwa na bega.

Ndipo Baba Mdogo akainuka. Akagusa kibao cha kwanza. Kalamu ya mwanyumba ikagonga meza. Akagusa cha pili. Mwanyumba akakohoa, safi, kifupi. Baba Mdogo akasimama pale pale, upande wa pili.

Ndugu wawili, kibao kimoja.

“Kaka, umesimama kwenye rangi yangu.”

“Yako ipi? Hii ni rangi ya majani. Tazama ilivyotulia.”

“Imetulia wapi? Hii ni rangi ya moto! Inawaka!”

“Mtu akiitazama anapata usingizi.”

“Mtu akiitazama anaita zimamoto!”

Wakuu wa matawi waliinamia karatasi zao. Mmoja aliandika “inawaka”. Mwenzake aliandika “inatuliza”. Mkuu wa tawi la kaskazini aliandika yote mawili na kuanza kupiga makofi, polepole, akiangalia kama kuna mwingine atakayemfuata.

Ndugu wale walinyamaza kwa wakati mmoja. Waligeuka kwa wakati mmoja. Wakatutazama sisi, mimi na mwanyumba.

“Huyo kijana wako anakohoa hovyo,” Baba Mdogo akasema.

“Wako ndiye aliyezeeka koo.”

“Lipimwe!”

“Lipimwe lako kwanza!”

Fimbo ikagonga sakafu.

“Wageni wakanywe chai,” Mzee Ndoo akasema, bado macho kafumba. “Ukoo ubaki.”

*

Wakuu wa matawi walitoka kwa mwendo wa watu walioponea. Tukabaki sita: mzee, wanawe wawili, Macho wawili na Mkemia.

Mzee Ndoo akafumbua macho. Nilitarajia kufukuzwa. Badala yake alininyooshea kidole.

“Bwana Historia. Hawa watoto wakikaa kimya watapoa. Nisomee ulichoandika.”

Nilifungua muswada wangu na kusoma kwa sauti ya darasani. Nilianza na ndoo. Jinsi mzee alivyochanganya chokaa, gundi na udongo uani kwa mwenye nyumba wake. Jinsi mwenye nyumba alivyoagiza malango yake yapakwe kijani, na asubuhi akayakuta mekundu.

“Akafanyaje?” Mzee akauliza, ingawa alikuwepo.

“Alipiga kelele, Mzee. Mtaa mzima ukatoka kutazama. Kufikia jioni kila mwenye lango alikuwa anamuulizia fundi wa malango mekundu. Nimeliita jambo hilo ‘ujasiri wa kibiashara’.”

“Umeliita vizuri. Endelea.”

Nikaendelea. Shirika la reli la nchi jirani liliagiza rangi nyekundu kwa mabehewa yake, likapelekewa ya kijani. Mabehewa yakawa hayaonekani vichakani. Shirika likaagiza upya rangi maradufu, na kampuni ikajenga kiwanda chake cha kwanza ng’ambo ya mpaka, kwa sababu kujenga kulikuwa rahisi kuliko kuomba radhi. Hilo nimeliita “upanuzi wa soko”.

Kisha kampuni ya meli iliyotaka kijani ikapewa nyekundu. Meli zake zikaonekana kutoka mbali kuliko za washindani wake, na washindani wote wakaja na makopo matupu mkononi. Bandari kwa bandari, nchi kwa nchi.

Kisha hospitali. Iliagiza wodi za kijani, za kutuliza wagonjwa. Ilipakwa nyekundu, dari hadi sakafu. Wagonjwa walirudi nyumbani haraka kuliko kawaida, wengine bila kuaga. Hospitali ikasifiwa kwa wepesi wa kuponya, na wizara za nchi kadhaa zikaagiza rangi ile ile. Hilo nimeliita “mchango wetu kwa afya”.

Mzee Ndoo alikuwa amenyooka kitini. “Na baada ya hospitali?”

“Baada ya hospitali, Mzee, ukaanza utaratibu wa Macho. Wanao waliingia ofisini, nao wakaanza kusikiliza vikohozi.”

“Hata mimi nilikoholewa. Marehemu mke wangu alinikoholea miaka yote.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Ila mimi nilikuwa simsikilizi.” Akawaza kidogo. “Sasa niambie. Tangu hawa waanze kusikiliza, tumeingia nchi gani mpya?”

Niligeuza ukurasa. Nikageuza mwingine. Nikarudi nyuma, kwa heshima.

“Hakuna, Mzee. Lakini mlipata cheti cha ubora.”

“Cheti,” akasema, kama daktari anayetaja ugonjwa.

Akawatazama wanawe. Sijawahi kuona baba akiwatazama watoto wake kwa huruma kubwa namna ile.

“Tumekuwa tukipatia,” akasema kwa upole wa kutangaza msiba. “Miaka yote hii, watoto wangu, tumekuwa tukipatia.”

Baba mkwe aliketi. Baba Mdogo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena bila faida yoyote.

“Kuanzia leo,” Mzee akasema, “Macho yote yatoke. Anza wewe.”

Mwanyumba alisimama, amepauka. “Mzee! Mimi nimeoa humu! Nimezaa watoto na mjukuu wako!”

“Watoto ni wako, mke ni wako. Kikohozi chako kiache mlangoni.”

“Na Mkemia?” Baba mkwe akauliza. “Tulikuwa tumpe huyu.”

“Huyu anaona?”

“Anaona, Baba. Nilimpima mwenyewe. Yaani, nilipimiwa.”

“Basi hafai. Mjukuu wangu ataolewa na mtu anayekosea kwa damu. Tafuteni. Wapo wengi, ila hawajijui.”

*

Nilimtazama Mkemia. Alikuwa anatazama vifuniko vyake.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa utaratibu. Nilisomea utafiti, tanbihi na marejeo. Lakini mtu anapoona mchumba wake akiporomoka kutoka mikononi mwake, hashiki tanbihi.

“Mzee,” nikasema, “mimi nimekosea.”

“Umekosea nini?”

“Kibao alichosimama kando yake Baba mkwe ni chekundu. Mimi ndiye niliyemwongoza huko akidhani ni kijani.”

Baba mkwe akaruka kutoka kwenye kiti. “Ni chekundu? Nimekipapasa mbele ya tawi la kaskazini!”

“Kwa nini ulikosea?” Mzee akauliza. Macho yake yalikuwa na nuru mpya.

“Sijui, Mzee. Huwa nakosea tu. Tangu utotoni.”

“Muongo!” mwanyumba akapiga kelele kutoka mlangoni. “Ana mafua huyo! Anaona kama mwewe, asikudanganye!”

“Mtoeni,” Mzee akasema. Baba Mdogo akamsukuma nje, akafunga mlango. Tulimsikia upande wa pili akisema, “Nionyesheni chochote! Nionyesheni chochote nitakitaja!”

Mzee Ndoo aliingiza mkono kwenye sanduku la Mkemia, akatoa kifuniko kimoja bila kuchagua, akakiinua.

“Hii rangi gani?”

Kilikuwa kijani. Kijani cha nyasi siku ya pili baada ya mvua. Sijawahi kuona kitu cha kijani kuliko kile.

“Nyekundu,” nikasema.

Mzee akakitazama kifuniko. Akampa Baba mkwe, naye akakiinua kwenye mwanga na kumpa Baba Mdogo, naye akakinusa.

“Kakosea?” Mzee akauliza.

“Mimi naona kama kapatia,” Baba mkwe akasema.

“Kwa nini?”

“Kasema kwa uhakika.”

“Hata mimi huwa nasema kwa uhakika,” Baba Mdogo akasema. “Mwite mkwe wangu atuambie.”

“Jicho haliingii humu tena!”

Basi wakakwama. Kampuni nzima ya rangi, kutoka ndoo hadi bandari za dunia, ilikuwa imesimama ikizunguka kifuniko kimoja bila kukijua. Mwishowe wote watatu wakageuka, kama watu wanaokumbuka kuwa chumba kina dirisha.

“Mjukuu wangu,” Mzee Ndoo akasema. “Njoo hapa. Mwenzio huyu kapatia au kakosea?”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa.

Alikuja polepole. Alikuwa anahitaji neno moja tu. Aseme “kakosea”, ambalo ndilo lililokuwa kweli, na mimi ningekuwa mume wake, mwenye kukosea kwa damu, tegemeo la kampuni. Nilimkonyeza. Mafua yalilifanya jicho langu litoe machozi, lakini nilikonyeza.

Alikipokea kifuniko. Alikitazama. Alinitazama. Alikitazama tena, muda mrefu zaidi, akakigeuza upande wa chini mahali ambapo maabara hubandika karatasi ya jina la rangi. Karatasi ilikuwa imebanduka.

“Amepatia, Babu,” akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. “Mpenzi?”

“Amepatia. Ni nyekundu.”

Hakukuwa na tetemeko sautini mwake. Hakuwa na hasira wala kejeli. Alisema kama mtu anayesoma saa ukutani.

Nimelifikiria neno lile tangu Jumatano, nami naona njia mbili tu. Ama Mkemia aliusubiri wakati ule ili aniondoe kwa ustaarabu, kwa sababu ambayo sijaijua. Ama mkuu wa maabara ya kampuni ya rangi, mwanamke pekee niliyewahi kumpenda, huzitambua rangi zake zote kwa kusoma karatasi.

Sijui lipi linaniuma zaidi.

Haya ndiyo waliyoyafanya baada ya hapo.

Mzee Ndoo alifuta posa yangu, akaomba chai, akalala kabla haijafika.

Baba mkwe alirudi kusimama kati ya vibao viwili. Aligusa kimoja, akasubiri. Akagusa kingine, akasubiri. Hakuna aliyemkoholea.

Baba Mdogo alichungulia ujiani na kumuuliza mkwewe, kwa mnong’ono, kama gari lake ni rangi ileile aliyoiagiza.

Mwanyumba alikataa kumjibu. Alikaa kwenye benchi la wageni, na kila alipopita mtu mwenye shati jekundu alikohoa mara moja, kwa mazoea.

Mkemia alibeba sanduku lake hadi maabara na kujifungia kwa ndani. Mashine ya kuchanganyia ikaanza kunguruma. Alikuwa anatengeneza kitu, na hakuna aliyekuwa ameagiza kitu.

Mimi nilitoka na kifuniko kile mfukoni. Kwenye lango nilikitoa na kumwonyesha mlinzi, mtu mzima, mwenye sare iliyopigwa pasi.

“Samahani, kaka,” nikasema. “Hii ni rangi gani?”

Alikitazama. Akatazama jengo la kampuni. Akanitazama mimi.

“Kwanza niambie,” akasema. “Unauliza kama mtu wao bado, au wameshakuachia?”